Mkono Kwenye Mlango wa Lori

Bi Wadha wangu mpendwa,

Kabla sijakuomba msaada naomba kwanza unipongeze, maana nimeolewa, leo ni siku ya arubaini na tatu, na bado kila asubuhi nikiamka na kumwona Mutasim anatafuta kofia yake chini ya mto nahisi kama nimeazimwa furaha ya mtu mwingine na wakati wowote mwenyewe atabisha hodi aidai. Mimi ni Kawthar, nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza skuli ya sekondari hapa hapa Bawshar, na jina la mume wangu nimeliandika kwa makusudi kwa sababu napenda kuliandika. Tafadhali barua hii ukiitoa gazetini usitufiche kwa herufi wala kwa nyota, itoe na majina yetu, nataka watu wote wajue ninavyopendwa.

Mutasim ana lori dogo jeupe la kubebea miche. Anaichukua kwenye vitalu vya Barka na kuwapelekea watu majumbani, na ndivyo tulivyojuana, kwa sababu bibi yangu alitaka mlangilangi kama ule aliouacha Unguja, kila mtu akamwambia huku kwetu kwenye ukame utakauka, mpaka akampata Mutasim, akaja nao umezungushiwa gunia bichi, akakaa uani akimweleza bibi namna ya kuutilia kivuli, mimi nikapeleka kahawa, na nilipokuwa naweka kikombe akauangalia mkono wangu, mkono tu, Bi Wadha, halafu akainamisha uso. Wiki mbili baadaye mama yake alikuja kuposa. Na bangili zangu sita za dhahabu alikwenda mwenyewe Mutrah kuzinunua, mama yake akamwambia subiri tukamchukue kipimo binti wa watu, akasema kipimo nakijua, muuzaji akamwambia hizi ulizochagua ni za mtoto wa skuli, akasema hizo hizo, na zilipoletwa ziliingia sawasawa kama zimeyeyushiwa juu ya mkono wangu, mama akalia, mamkwe akapiga vigelegele. Sasa mtu wa namna hii nitamwambiaje nilichomfanyia?

Siku ya hina Mutasim alileta vyungu vya asumini vya kupamba ua wetu, akaliacha lori mbele ya nyumba, akaondoka na ndugu zake. Mimi nilikuwa ndani juu ya mito, mikono yote miwili imefungwa mifuko ya nailoni ili hina ikolee, hata pua ikiniwasha nakunwa na watu. Aliyekuwa akituchora ni mama mdogo Shaikha, mdogo wake mama yangu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko, mwenye viganja vipana kama sahani, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimejaa piko, ile nyeusi ya kuchorea, akatoka nje kuteremsha chungu kimoja, kiatu kikamvuka, akaegemea mlango wa lori ili akivae. Akarudi ndani anacheka mpaka anashika ukuta: "Jamani, nimelitia mhuri lori la bwana harusi!" Na kweli, kwenye mlango wa kulia, ule wa upande wa abiria, chini kidogo ya kioo, palibaki kiganja kizima na vidole vyake vitano, cheusi juu ya weupe.

Siku ya pili alipokuja kunichukua mimi ndiye niliyesema sitaki gari refu la kukodi, nataka kwenda kwangu ndani ya lori lililoniletea mume. Wote wakacheka, na Mutasim akaja kunifungulia mlango, akauona ule mkono, akasimama. Akaniuliza polepole, "Huu mkono wako?" Ungekuwepo ukayaona macho yake yalivyolowa, Bi Wadha, hata wewe ungejibu nilivyojibu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi haufutwi."

Na haujafutwa! Analiosha lori zima kwa mpira wa maji, akifika pale anachukua kitambaa na kuuzunguka mkono kidole kwa kidole, na wateja wakimuuliza anawaambia, "Hiyo sahihi ya mke wangu," na mimi nikisikia nafurahi mpaka nataka kuruka na papo hapo nataka ardhi inimeze.

Kisha ikaja dhoruba. Tulipata onyo mapema, na unajua mwenyewe watu wa hapa wakisikia wadi, yale mabonde makavu, zitashuka maji, kila mwenye gari analipandisha juu. Mutasim naye alilipandisha lori kule kwenye uwanja wa wazi, lipo salama kabisa pamoja na gari za wenzake, halafu akageuka akaniambia, "Habibti, mvua hii itaufuta mkono wako." Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua, wallahi niliufungua, lakini niliona anavyouonea huruma ule mkono, na maneno niliyokusudia yakanipotea, nikasikia nasema, "Ngoja nikuletee mwavuli." Akalirudisha lori chini akaliingiza kwenye mdhalla wa jirani, kile kivuli cha mabomba na turubai wanachoegeshea gari, mimi nyuma yake na mwavuli uliokwisha kupinduka, tumelowa, tunacheka kama wendawazimu, nikasema moyoni hakuna mwanamke duniani aliyepata ninachokipata. Alasiri ile ile upepo uliunyanyua mdhalla mzima ukauangusha, na bomba moja la chuma likaupiga mlango wa kulia. Zile gari za uwanjani hazikupata hata mkwaruzo. Bomba liliingia katikati ya kidole gumba na vile vingine, kwa hiyo mkono bado upo, ila sasa unaonekana kama umeshika kitu.

Mutasim alichukua karatasi ya polisi, maana bila ya hiyo hakuna karakana itakayoigusa gari iliyobonyea, tukaenda Darsait kwa fundi wa bodi anayeitwa Ghaith. Akauzunguka mlango, akaufungua, akauinua kwa goti, ukalia. Akasema, "Ingekuwa bati la nje tu ningelinyoosha, nikapiga puti, nikapaka rangi, usingejua kama kulikuwa na kitu. Lakini fremu ya ndani imepinda na bawaba ya juu imeng'oka. Mlango huu leo utafunga, kesho utafunguka wenyewe. Tuubadilishe."

Na mlango wa kubadilisha anao, wa lori la aina hiyo hiyo lililokatwa, ila ni wa kijani na una picha ya jogoo kwa sababu mwenye lori lile alikuwa anauza kuku. Mutasim akamtazama yule jogoo, akasema, "Nitie jogoo pahala pa mkono wa mke wangu?"

"Nitampaka rangi nyeupe, hatoonekana."

"Na mkono?"

"Mkono si unao nyumbani, yakhe? Tena umekuja na mtu mzima."

Mafundi wote wakacheka, mimi nikajificha nyuma ya shela, na Mutasim akachukua kamba, akaufunga mlango kutoka kwenye kitasa mpaka chini ya kiti, tukaondoka. Tangu siku hiyo tunaendesha hivyo hivyo. Juzi tulipeleka miche ya bogenvilia Bustan, na kwenye ule mteremko wa kuingilia kijijini, pale barabara inapokata kona, kamba ikalegea na mlango ukafunguka upande wangu, nikauona mwamba unapita chini ya miguu yangu, na Mutasim akanikamata mkono, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka chini hajaniachia, na bahari ilikuwa mbele yetu na moyo wake nausikia mpaka kwenye vidole vyake. Siku ile nilimpenda mara mbili.

Ijumaa mama mdogo Shaikha alikuja kula kwetu, akasimama mbele ya lori akiwa na sinia la halwa mkononi, akanitazama, akautazama mlango, akasema kwa sauti, "Kawthar, mkono wako umenenepa mwanangu. Ndiyo chakula cha kwa mume hicho?" Nikataka kufa. Mutasim alicheka kuliko wote, alicheka mpaka akaenda kukaa kwenye ngazi.

Sasa sikiliza kinachonikosesha raha. Mulkiya ya lori, ile kadi yake ya usajili, inakwisha Jumapili ijayo, na gari yenye mlango wa kamba haipiti ukaguzi, na bila ya ukaguzi hakuna mulkiya mpya, na bila ya mulkiya hakuna miche wala kazi. Kwa hiyo Mutasim amekubali mlango ubadilishwe, Alkhamisi tunapeleka lori, lakini kwa sharti moja: Ghaith alikate lile bati lenye mkono, alisawazishe kingo, tulitundike chumbani kwetu. Juu ya kitanda, Bi Wadha! Ameshapima ukuta. Mkono wa mama mdogo Shaikha utanitazama kila nikilala na kila nikiamka, mpaka nizeeke, mpaka wajukuu waniulize. Nikinyamaza lori litapona na hakuna atakayelia. Nikisema nitayaona macho yale yale yaliyolowa, na safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nimeyaliza. Nifanye nini? Nijibu haraka, nakuomba, na usisahau kunipongeza.

Wako mwenye furaha na hofu,
Kawthar wa Mutasim, Bawshar

*

Mwanangu Kawthar,

Hongera. Mungu akudumishieni mapenzi yenu. Nimeshakupongeza, sasa kaa kitako nikugombeze.

Umeniandikia kurasa nne kuhusu mkono, na kuhusu kamba umeniandikia kama vile unanisimulia fungate. Ile sehemu ya mteremko wa Bustan nimeisoma, nikaisoma tena, nikamwita dada yangu naye aisome asije akasema nazua. Mlango umefunguka ubavuni mwako, gari inashuka, kona ipo mbele, mumeo anaendesha kwa mkono mmoja, na wewe unaangalia bahari! Hayo si mapenzi, hiyo ni khatari uliyosalimika nayo. Fundi Ghaith amekuambieni kwa Kiswahili chepesi: fremu imepinda, bawaba imeng'oka, mlango utafunguka wenyewe. Ukafunguka. Mlikuwa mnasubiri akuambieni kwa Kiarabu?

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, kuanzia sasa hivi kiti kile hukikalii. Lori litatembea mara moja tu, kutoka kwenu mpaka Darsait, yeye peke yake, polepole. Wewe utafuata kwa gari nyingine. Wateja wa miche watasubiri, miche haina miguu.

Sasa mkono. Nnakuelewa kwa nini ulisema ndiyo. Ulikuwa bibi harusi, shela kichwani, mwanamme mzima amesimama mbele yako na macho yamelowa, na neno lilikuwa fupi. Wengi wetu tungelisema. Lakini siku ya dhoruba hukuwa na shela. Lori lilikuwa limeshakaa pahala pa salama, akalirudisha chini kwa ajili ya jambo ulilojua wewe kwamba si kweli, na ukamfuata na mwavuli. Mlango huo haukupigwa na upepo peke yake, mwanangu. Na hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu leo mmepoteza mlango, na milango inapatikana, hata yenye jogoo. Kesho atakuuliza jambo zito zaidi, macho yake yatalowa tena, na wewe utakuwa umeshazoea kujibu linalomfurahisha.

Unaniambia ukinyamaza hakuna atakayelia. Atakayelia ni wewe, chini ya kiganja cha Shaikha, kila usiku, na utalia kimya kimya kwa sababu hutoweza kumwambia ukuta ule unakuliza kwa nini.

Lakini kuna kitu umekiandika mwenyewe na hukukiona, umekipita mbio ukielekea kwenye vigelegele vya mamkwe. Huyu mwanamme aliutazama mkono wako mara moja, ukiweka kikombe, akaenda Mutrah akachagua bangili sita bila ya kipimo. Muuzaji akamwambia ni za mtoto, akasema hizo hizo. Zikaingia sawasawa. Mtu mwenye jicho hilo, ambaye siku arubaini na tatu ameushika mkono huo huo, amekikalia karibu kiganja kipana kama sahani, akakiosha kidole kwa kidole, na asijue? Na Ijumaa, Shaikha alipotia maneno yake, nani alicheka mpaka akaenda kukaa kwenye ngazi?

Sisemi anajua. Sikuwepo. Nnasema inawezekana sana kwamba wewe unamficha yeye, na yeye anakuficha wewe kwamba ameshakujua, na nyote wawili mnaulinda kwa mwavuli na kwa kamba mkono wa Shaikha, ambaye mwenyewe amekaa kwake anakula halwa.

Basi fanya hivi. Mwambie kabla ya Alkhamisi. Mwambie nyumbani, mchana, mmekaa, si njiani na si mbele ya mafundi. Usimtangulizie chakula anachokipenda wala usijifukize udi, asije akadhani kuna sikukuu. Maneno yawe mafupi: "Mkono ule ni wa mama mdogo Shaikha. Nilisema ndiyo kwa sababu ulifurahi, kisha nikaona haya kurudi nyuma. Nisamehe." Ukishafika hapo nyamaza. Usimtie Shaikha lawamani, yeye alikuwa anavaa kiatu chake. Dhoruba nayo usiilaumu. Wala usilie wewe kabla yake, ukaja ukabembelezwa kwa kosa lako mwenyewe.

Akikwambia alikuwa anajua, usije ukamgeuzia kibao eti mbona alinyamaza. Utakuwa huna haki hiyo mpaka mwaka uishe. Akiwa hajui, na akanyamaza, mwache anyamaze. Siku moja, siku mbili. Atakwenda kuosha lori. Mwache aoshe. Mtu aliyetunza alama ya piko kwa kitambaa hatoshindwa kumtunza mke aliyemwambia kweli, ila mpe nafasi ya kuudhika kwanza, ni haki yake.

Ghaith na aukate mlango kama mlivyopanga. Bati lenye mkono msilitundike chumbani na msilitupe, mpelekeeni Shaikha mwenyewe, limefungwa utepe, na alitundike yeye juu ya kitanda chake. Jogoo apakwe rangi. Na mlango mpya uacheni mweupe. Nnakujua, umeshaanza kufikiria kuchovya kiganja chako kwenye piko uende ukaupige mhuri wa kweli. Usithubutu. Alama za kuonyesha watu zimeshakupeni tabu ya kutosha.

Tena umeomba majina yenu yatoke. Yatatoka. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, leo Jumapili, na gazeti linatoka Alkhamisi asubuhi, na mumeo nimelikuta jina lake kwenye barua yako mara nyingi hata sikuweza kulificha pahala. Una siku tatu kamili. Ningekuwa wewe nisingengoja ya tatu.

Jumapili ijayo mtakwenda kwenye ukaguzi. Sasa ndiyo upande, ukae kwenye kiti chako, uuvute mlango mwenyewe mpaka uusikie umeuma. Mutasim aweke mikono yake miwili kwenye usukani na macho yake barabarani, na mkono wako akitaka kuushika, lori liwe limesimama.

Bi Wadha